Madirisha ya Filadelfia

Rianyasani, Magwagwa
10 Septemba 1967

Dada Abigael,

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Kila alasiri nikitoka shule na kwenda kuchuma chai, mimi huhutubia. Sihutubii watu, kwa maana unajua watu hunifanya nisahau hata jina langu. Nahutubia michai. Mistari ya shamba letu nimeipa majina. Ule mrefu kando ya njia ni Virginia, unaoufuata ni Pennsylvania, na ule mfupi uliobanwa na migomba kule chini ni Delaware. Husimama katikati nikiwa na kapu mgongoni, nikasema, "Waheshimiwa wajumbe, tusitoke humu kabla ya kukubaliana." Kisha najijibu kwa niaba ya Delaware, kwa hasira.

Tafadhali usicheke. Au cheka, lakini usimwambie mtu. Ni bahati kwamba ulinishauri tuandikiane kwa Kiswahili ili tuzoee kabla ya mtihani, maana Mama husoma Ekegusii tu na barua zako hupitia mikononi mwake.

Kisa ni kitabu nilichoachiwa na mwalimu wetu wa historia alipohamishwa. Jalada limeng'oka. Kinaeleza jinsi Wamarekani walivyoandika katiba yao mwaka wa 1787, katika mji wa Filadelfia. Walikuwa wamemshinda mfalme wa Uingereza, lakini serikali waliyoiunda kwanza ilikuwa kama kamba ya mgomba iliyokauka: ukiivuta inakatika. Kila jimbo lilijiona nchi. Basi wajumbe wakakutana kiangazi kizima, joto kali, mlango umefungwa na madirisha yamefungwa, wakabishana. Majimbo makubwa yalisema, "Sisi tuna watu wengi, tupewe viti vingi." Madogo yakasema, "Tukikubali hivyo mtatumeza." Walikaribia kurudi makwao. Halafu wakapata njia: bunge liwe na nyumba mbili. Katika moja, viti vifuate idadi ya watu. Katika nyingine, kila jimbo, kubwa kwa dogo, lipate viti sawa. Na sheria isipite mpaka nyumba zote mbili zikubali.

Abigael, nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikatembea kuzunguka nyumba. Hakuna aliyempiga mwenzake. Walikuwa na bunduki, walikuwa wametoka vitani juzi tu, nao wakakaa kwenye viti wakatafuta maneno.

Sasa ujue kwa nini inaniuma. Shule yetu ya harambee imejengwa na vilima viwili, Bonyamongo na sisi wa Rianyasani. Ina kidato cha kwanza na cha pili tu. Ofisi ya elimu imesema haitaruhusu kidato cha tatu mpaka tuwe na kamati moja yenye kanuni zilizoandikwa na kutiwa sahihi na pande zote mbili kabla ya mwaka kuisha. Watu wa Bonyamongo wanasema wao ni wengi, wapewe viti vingi. Sisi tunasema ardhi ni yetu, viti viwe sawa. Wamekutana tangu Mei na kila mara wanaachana kwa kelele. Baba ndiye anayepiga kelele zaidi upande wetu. Na Baba huyohuyo amesema kwamba kidato cha tatu kisipokuwepo nitakaa nyumbani. Nina miaka kumi na sita. Kukaa nyumbani kwa msichana wa umri huo unajua kunaishia wapi.

Dawa ninayo mkononi, imeandikwa, na mdomo sina. Nifanye nini?

Dada yako,
Drusilla Nyamoita


Kiogoro, Kisii
17 Septemba 1967

Kwa Mheshimiwa Mjumbe wa Delaware,

Nimecheka mpaka Mama akauliza kama nimeingiwa na kitu. Sikumwambia, usiogope. Ila nitakapokuja Desemba lazima unitambulishe kwa Virginia, nami nimchume majani mawili na chipukizi.

Haya, tuache mzaha. Dada, mwambie Baba Mkubwa! Atakula wewe? Mpelekee chai jioni, umwambie, "Baba, kuna mahali watu waligombana kama ninyi, wakafanya hivi na hivi." Maneno mafupi tu. Usianze na mwaka wa 1787, utamlaza. Na usitaje neno "majimbo" hata kidogo. Baba yangu akilisikia hurudi kwenye siasa za mwaka wa sitini na tatu za kuigawa nchi, na chakula kinapoa mezani.

Nimemwuliza mwalimu wetu wa historia hapa mjini habari za hao Wamarekani wako. Amenionyesha kitabu kinene katika chumba cha kusomea. Nitakisoma Jumapili, kwa sababu Sabato nipo kanisani mchana kutwa na siku nyingine nasumbuliwa na hesabu.

Abigael


Rianyasani
1 Oktoba 1967

Dada Abigael,

Wewe umekulia mjini, mambo mengine umeyasahau. Siwezi kumfundisha Baba. Mtu wa kizazi changu na mtu wa kizazi chake, kati yao kuna chinsoni, ile haya na heshima ya mtoto mbele ya mzazi. Namletea chakula, namsalimu, najibu ninapoulizwa. Kukaa mbele yake na kumwambia namna ya kuendesha kikao cha wazee ni kama kumvua koti hadharani.

Lakini kwa Babu hakuna chinsoni. Babu na mjukuu wanataniana watakavyo. Basi Jumatatu nilikwenda jikoni kwa Babu Nyangate. Alikuwa anachoma mahindi.

"Mke wangu mdogo," akasema, "umekuja kuniona mimi au umesikia harufu?"

"Yote mawili, Babu."

"Angalau wewe ni mkweli. Bibi yako angesema amekuja kuniona mimi."

Nikamsimulia. Sikusema majimbo. Nilisema koo, tena kumi na tatu, na ukoo mmoja ulisusa usije kabisa. Alisikiliza huku anageuza hindi.

"Hao wa Delaware, walikuwa na ng'ombe wengi?"

"Sijui, Babu."

"Umesoma kitabu kizima na hujui kama wana ng'ombe? Shule gani hii tunayoijenga?"

Akauliza kama Filadelfia ni ile ya Ufunuo, ambayo Yohana aliiandikia. Nikamwambia ni nyingine, ya ng'ambo, ila iliitwa kwa jina lile. Akasema si neno, jina ni zuri.

Kilichompendeza zaidi si zile nyumba mbili. Ni madirisha. Aliuliza kwa nini waliyafunga katika joto lile. Nilimweleza kwamba walitaka mtu aweze kubadili mawazo yake bila kuchekwa na watu wa nje. Akasema, "Hapo ndipo penye akili. Baba yako anapiga kelele kwa sababu wake zetu na watoto wetu wamejaa dirishani wakimtazama. Na Obwocha wa Bonyamongo naye vivyo hivyo. Majogoo wawili na kuku wote wanaangalia."

Amesema atawaambia. Nimemwomba asinitaje, akaniuliza, "Nikutaje kwani nimelewa?"

Je, kitabu kinene kinasemaje? Niandikie yote. Nataka kujua kila kitu kuhusu watu hawa. Kulikuwa na mzee wao wa miaka themanini na moja, mgonjwa, ambaye mwishoni alisema kuna sehemu za katiba asizozipenda, lakini anaikubali kwa sababu huenda yeye ndiye amekosea. Kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyowapenda.

Drusilla Nyamoita


Kiogoro
22 Oktoba 1967

Drusilla,

Nimesoma. Nitakuambia jambo na usinikasirikie.

Wale waheshimiwa wako, wengi wao walikuwa na watumwa. Watu weusi, Drusilla, kama mimi na wewe, wakilima tumbaku huku bwana wao yuko Filadelfia akizungumzia uhuru. Na ilipofika kuhesabu watu ili kugawa viti, majimbo ya kusini yalitaka watumwa wao wahesabiwe, viti vyao viongezeke. Kura hawakuwapa. Basi wakapatana kwamba watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Nilirudia ukurasa ule nikidhani sijaelewa Kiingereza. Tena wakaandika kwamba biashara ya kuleta watumwa isipigwe marufuku kwa miaka ishirini. Waliahirisha tu, kama mtu anayefunika chungu ili asinuse.

Na mwanamke, hata mmoja, hakuwemo katika kile chumba chako cha madirisha yaliyofungwa.

Sisemi uache kuwapenda. Ninasema tu, ukiwahutubia michai, mmoja awe mtumwa. Tumsikie naye anasemaje.

Abigael


Rianyasani
23 Oktoba 1967

Dada Abigael,

Wamekubaliana! Naandika upesi kabla ya barua yako kufika, nimeshindwa kungoja.

Jana Babu alisimama kwenye kikao akawasimulia. Baba mwenyewe alikuja nyumbani akamweleza Mama, mimi nikiwa nyuma ya mlango. Alisema, "Mzee amekumbuka kisa cha watu wa zamani, watu wenye busara sana." Kisha wakafanya kama Filadelfia. Walifunga mlango wa darasa. Madirisha hayana vioo wala mbao, basi wakayaziba kwa magunia ya chai. Akina mama waliokuja kusikiliza wakaachwa uani. Moshi wa sigara ya Mzee Obwocha ulikuwa unapenya kwenye magunia, mtu angedhani shule inaungua. Walikaa humo tangu asubuhi hadi jua kuinama, na hakuna kelele iliyosikika ila kukohoa.

Kutakuwa na mabenchi mawili. Benchi la watu: kila kilima kitatoa wajumbe kulingana na idadi ya kaya zake. Benchi la vilima: watatu kutoka Bonyamongo, watatu kutoka Rianyasani. Jambo halipiti mpaka mabenchi yote mawili yakubali. Na kidato cha tatu kitafunguliwa Januari!

Baba yuko benchi la vilima. Jana usiku aliimba wimbo wa kanisa huku anavua viatu. Sijawahi kumsikia akiimba nyumbani. Abigael, jambo lililoandikwa na watu waliokufa zamani, ng'ambo ya bahari, limemfanya Baba aimbe Rianyasani. Utaniambia tena kwamba historia ni tarehe tu?

Drusilla Nyamoita


Rianyasani
5 Novemba 1967

Abigael,

Barua yako ya watumwa nimeipata. Nilikukasirikia siku mbili.

Jana kanuni zilisomwa kanisani baada ya tangazo la mchango wa madawati. Kuna kifungu ambacho Babu hakukitaja, wala Baba. Bonyamongo hawakutaka kukubali mabenchi mawili mpaka wahakikishiwe nafasi za watoto wao. Kwa hiyo nafasi za kidato cha tatu zimegawanywa nusu kwa nusu, na kwa kuwa ni chache, "wavulana wachukuliwe kwanza, na suala la wasichana litaangaliwa katika miaka ijayo."

Ndivyo ilivyoandikwa. Litaangaliwa.

Akina mama walitazamana. Kikundi chao cha kusaidiana kazi, egesangio, ndicho kilichobeba mawe ya msingi wa shule ile kutoka mtoni. Mama alibeba akiwa na mimba ya mdogo wangu Andrew. Hawakujua lolote, kwa sababu madirisha yalikuwa yamezibwa. Na aliyewafundisha kuyaziba ni mimi.

Sina la kuandika zaidi.

D.


Kiogoro
12 Novemba 1967

Dada yangu mpenzi,

Nimelia nikasoma, nikalia nikakunja barua, kisha nikakasirika nikaenda tena kwenye chumba cha kusomea. Nilikaa mpaka mlinzi akanigongea meza kwa funguo.

Sikiliza. Katiba ilipotoka kwenye kile chumba haikuwa sheria bado. Ilipelekwa kwa watu. Ilisomwa, ikachapishwa magazetini, wakaijadili jimbo kwa jimbo, safari hii kwa sauti kubwa. Na watu wengi wakasema, "Mbona hamna mahali panapolinda haki ya mtu wa kawaida? Kusema, kuabudu, kutovunjiwa nyumba yake?" Wakaahidiwa kwamba litarekebishwa. Na wao wenyewe, wale walioandika, walikuwa wameweka humo kifungu cha kuonyesha jinsi katiba inavyoweza kurekebishwa. Hawakujiona malaika. Miaka michache tu baadaye vifungu kumi viliongezwa. Utumwa ulikuja kufutwa kwa njia hiyohiyo, ingawa baada ya vita na damu nyingi, na wanawake wakapata kura kwa njia hiyohiyo, ingawa ilichukua zaidi ya miaka mia moja na thelathini.

Kwa hiyo nimefikiri hivi. Ninawapenda kidogo sasa, hao wazee wako. Si kwa walichoandika tu, bali kwa kuacha nafasi ya mtu kuja kuwaambia wamekosea.

Je, kanuni zenu zina nafasi hiyo? Zimetiwa sahihi? Mtu wa kwenda kuwaambia ni nani? Babu ameshasema lake. Mama yako akisema wataambiwa ni wivu wa wanawake. Wewe ndiye unayejua habari yote tangu mwanzo.

Najua ninachokuomba. Ukisimama mbele ya Baba Mkubwa watu watasema huna adabu. Mimi nisiyeona haya ningefanya hivyo kwa urahisi, na kwa hiyo isingekuwa na uzito.

Abigael


Kiogoro
17 Desemba 1967

Drusilla,

Kimya chako kinaniua. Wiki tano! Baba alikuwa Magwagwa jana, amerudi na habari nusunusu kwamba "mtoto wa Onyancha alisema kikaoni" na kwamba nyumba yenu ina ubaridi. Nilimwuliza mtoto yupi, akasema, "Yule asiyesema." Hatuji tena Desemba, Mama ana homa. Niandikie, hata mstari mmoja.

Abigael


Rianyasani
14 Januari 1968

Dada Abigael,

Nisamehe. Nilitaka mambo yaishe ndipo nikuandikie, na yaliisha juzi tu.

Kanuni zilikuwa hazijatiwa sahihi. Kikao cha kutia sahihi kilikuwa Jumapili ya kwanza ya Desemba. Nilimwambia Mama kwanza. Alikuwa anatwanga wimbi, hakuacha kutwanga. Akasema, "Baba yako atakasirika," na baada ya muda, "Vaa lile gauni la kanisani." Asubuhi ile kikundi chake chote kilikuwa uani mwa shule. Magunia yalikuwa madirishani tena. Bathsheba, mwenyekiti wao, aliyashusha moja baada ya jingine, akayakunja vizuri akayaweka chini. Mzee Obwocha akauliza kutoka ndani, "Nani ameleta baridi?" Bathsheba akamjibu, "Sisi tuliobeba mawe, mzee. Endeleeni tu."

Niliingia. Nilikwenda moja kwa moja kwa Babu, nikiwaza nitasema kana kwamba namtania yeye, wengine wasikie pembeni. Nikaanza, "Babu, zile koo..." Babu akanitazama, akasema, "Mke wangu, mimi sina kura. Waambie hao."

Basi nikageuka. Baba alikuwa mbele yangu. Nilimtazama viatu vyake. Nilisema kwamba kisa cha Filadelfia Babu alikipata kwangu, na kwamba nilimpa nusu yake tu kwa sababu nilikuwa naijua nusu. Nikawaambia nusu nyingine: kwamba wale watu walioandika vizuri hivyo waliwaacha watumwa na wanawake nje, wakisema litaangaliwa, na taifa lao likalipa kwa vita. Nikawaambia pia kwamba waliweka kifungu cha kurekebisha, na kwamba kwa hicho ninawaheshimu kuliko yote. Nikaomba mawili. Kanuni zetu ziwe na kifungu hicho. Na nafasi za kidato cha tatu zifuate alama za mtihani, awe mvulana au msichana.

Mtu mmoja akasema, "Onyancha, mtoto wako sasa ni bwana shauri?" Wakacheka. Baba hakucheka.

Mzee Obwocha, ambaye tangu Mei tulimwona adui, akauliza, "Msichana, huko kwao mtu aliyeshindwa kura alifanya nini? Alichukua ng'ombe wake akaondoka?"

Nikasema, "Watatu walikataa kutia sahihi siku ile, mzee. Lakini ilipokuwa sheria waliishi chini yake kama wenzao."

Akajikuna shingo. Akasema, "Mimi nina mabinti watano na mvulana mmoja, na huyo mmoja hajui kugawanya." Uani wakapiga vigelegele.

Walipiga kura. Kifungu cha marekebisho kilipita bila shida. Kile cha alama kilipita benchi la watu. Benchi la vilima, wote watatu wa Bonyamongo walikubali, na mmoja wetu. Baba alikataa. Aliinua mkono wake juu kabisa ili nione. Alisema Rianyasani ni wachache na kila nafasi inayokwenda kwa msichana ni ya mtu atakayeolewa kwingine. Kisha kalamu ilipomfikia akatia sahihi chini ya kanuni zote, pamoja na kile alichokikataa.

Tangu siku hiyo hakunisemesha. Krismasi ilipita hivyo. Nilimpelekea chakula, akala. Matokeo yalipokuja nilikuwa miongoni mwa waliofaulu. Nilijua kwamba kanuni zinanipa nafasi, lakini hazinipi ruhusa ya kutoka nyumbani kwake asubuhi, na sikutaka kutoka kama mwizi.

Juzi Ijumaa, kabla ya jua kuzama na Sabato kuingia, nilimfuata zizini. Alikuwa anamkamua ng'ombe. Nilisimama mbali kidogo, kama inavyotakiwa. Nikasema, "Baba, shule inafunguliwa Jumatatu."

Aliendelea kukamua.

"Nilikataa," akasema. "Wote waliniona."

"Ndiyo, Baba."

"Na bado nakataa. Usifikiri nimebadilika."

"Ndiyo, Baba."

"Lakini karatasi ile haikuandikwa kwamba Onyancha atafuata akipenda. Nikikuzuia mimi, kesho Obwocha atazuia lake, na tutarudi kupigiana kelele kama Mei." Alinyanyuka na ndoo, akapita karibu nami bila kunitazama. "Amka mapema. Umande ni mwingi njiani, utalowesha viatu."

Abigael, nimesoma kuhusu wanaume waliokubali sheria waliyoipinga, nikawastaajabia kwa sababu walikuwa wakubwa na wa mbali. Sikujua kwamba nitamwona mmoja akiwa na ndoo ya maziwa.

Jana tulikuwa kanisani. Leo nimefua sare, nikaianika, nikapiga pasi ya makaa ilipokauka. Nimemwomba Mama radhi kwa kuharibu Krismasi, akaniambia nimchotee maji. Nimechota mara mbili. Kesho nitaondoka saa kumi na mbili na nusu.

Dada yako,
Drusilla Nyamoita
Kidato cha Tatu